Kansa ya matiti: kabla ya chimio, mwanamke aulizwe kama angali anataka mtoto

Mwaka jana nilimsindikiza mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kwa munganga hapa Bukavu. Ana miaka 31 na watoto wawili. Kipande cha nyama kilichotolewa kwenye titi lake la kushoto kilikuwa kimepimwa, na jibu lilikuwa lile tuliloogopa. Tulizungumza muda mrefu: operesheni, chimio, dola ngapi, mara ngapi, nywele zitaanguka lini. Mume wake aliuliza juu ya pesa. Mimi niliuliza juu ya safari. Hakuna aliyeuliza kama angali anataka kuzaa, wala anatumia njia gani ili asibebe mimba.

Kumbe mkononi alikuwa na kijiti cha kupanga uzazi, alichowekewa kisha kuzaa mtoto wa pili. Ni kijiti cha homoni. Kilibaki humo chimio ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka siku moja muuguzi aliyekuwa anatafuta mshipa wa damu akakigusa kwa vidole na kuuliza: «Mama, hii ni nini?»

Simlaumu munganga peke yake. Sisi pia tulinyamaza. Neno kansa likitajwa, kuongea juu ya mtoto kunaonekana kama utovu wa adabu: wewe unapigania roho yako, unawaza kuzaa? Lakini tunaishi katika inchi ambako uchunguzi wa taifa wa 2013-2014 ulipata watoto 6,6 kwa kila mwanamke. Bibi wa miaka 31 mwenye watoto wawili, machoni pa ukoo, yuko katikati ya njia. Mama mkwe anahesabu, na mali ilitolewa. Swali lisipoulizwa mbele ya munganga litaulizwa jikoni, na huko atajibu mtu asiyejua dawa.

Tuanze na kupanga uzazi, kwa sababu ndipo hatari iko karibu. Kansa nyingi za matiti zinalishwa na homoni za mwanamke mwenyewe. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, OMS, katika mwongozo wake, linaweka vidonge, sindano, kijiti cha mkononi na hata kitanzi chenye homoni katika kundi la 4 kwa mwanamke anayeugua kansa ya matiti: asitumie. Ikipita miaka 5 bila ugonjwa kurudi, njia hizo zinahamia kundi la 3, maana yake zisichukuliwe kama kuna njia nyingine inayofaa. Sasa angalia kinachotolewa kwa wingi kwenye vituo vyetu vya afya: sindano, kijiti, vidonge. Kitanzi cha shaba, kile wauguzi wanaita stérilet, kiko kundi la 1. Hakina homoni na kinaweza kukaa miaka 10. Kinaweza kuongeza damu ya mwezi, na mgonjwa wa chimio mara nyingi ana upungufu wa damu, kwa hiyo munganga apime kwanza. Kondomu pia ipo. (Mama usiye na kansa, usikimbie kutoa kijiti chako kwa sababu ya makala hii. Maneno haya ni ya yule ambaye ugonjwa umeshaonekana kwake.)

Kuna kosa lingine ninalosikia sana. Hedhi inakatika wakati wa chimio, na mwanamke anasema: basi, kizazi kimefungwa. Hapana. Hedhi inaweza kukatika na yai likatoka siku usiyotazamia. Wale wanaofuata kuhesabu siku, kama vituo vingi vya kanisa vinavyofundisha, wajue kwamba chimio inavuruga hesabu hiyo kabisa. Na tamoxifen, kidonge ambacho wengi wanapewa baadaye, hakizuii mimba, nacho kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Chimio yenyewe haitolewi katika miezi 3 ya kwanza ya mimba. Baada ya hapo wanganga wanaweza kuitoa, na wanawake wamejifungua salama. Kwa hiyo mjamzito mwenye uvimbe kwenye titi asiambiwe angojee kuzaa kwanza ndipo atafute tiba.

Na kuzaa kisha kupona? Cyclophosphamide, dawa iliyo katika michanganyiko mingi ya chimio, inaharibu mayai ya uzazi. Aliye chini ya miaka 35 ana nafasi kubwa ya kuona hedhi ikirudi kuliko aliye na 40. Kuna sindano, goserelin, inayolaza mayai wakati wa chimio. Utafiti uliotangazwa mwaka 2015, kwa wanawake ambao kansa yao haitegemei homoni, ulionyesha kwamba 8 kwa mia ya waliopewa sindano hiyo mayai yao yalishindwa kufanya kazi, na 22 kwa mia ya wale wasiopewa. Kugandisha mayai, tusidanganyane, kwa familia nyingi za Kivu ni mambo ya kusikia tu. Lakini hata jibu la «hatuna dawa hiyo hapa» mtu ana haki ya kulipata kabla ya chimio, si baadaye.

Tamoxifen inanywewa miaka 5 ao zaidi. Mwambie mwanamke wa miaka 31 «miaka 5» bila maelezo, naye ataacha kidonge kimyakimya mume akianza kunung'unika. Utafiti unaoitwa POSITIVE, uliotangazwa mwaka 2023, ulifuata wanawake zaidi ya 500 waliosimamisha dawa za homoni kisha kuzinywa kati ya miezi 18 na 30, ili watafute mimba. Kwa miaka 3, kansa ilirudi kwa 8,9 kwa mia, karibu sawa na wale wasiosimamisha. Wengi wao walizaa. Lakini wengi wao pia walikuwa wamegunduliwa mapema, na walifuatwa na wanganga muda wote. Hapa kwetu wamama wanafika titi likiwa limeshaoza. Basi habari hii isigeuke ruhusa ya kuacha dawa. Ni sababu ya kumuuliza munganga wako lini na vipi.

Wababa nao wajue: sheria ya afya ya umma ya tarehe 13 Desemba 2018 inasema kwamba mume na mke wasiposikilizana juu ya njia ya kupanga uzazi, nia ya yule anayehusika ndiyo inapita. Muuguzi anayedai saini ya bwana kwanza anaongeza yake.

Ninachoomba hakihitaji mashini wala wafadhili. Katika fishi ya mgonjwa, kabla ya chimio ya kwanza, ziandikwe mistari miwili: anatumia njia gani, na anataka mtoto siku moja ao hapana. Mgonjwa apewe nakala. Toka vita vya 2025 watu wamehama, wanganga wamehama, na fishi inayobaki hospitali moja haimfuati mtu akikimbilia Uvira ao ng'ambo ya mpaka.

Mdogo wangu alitolewa kijiti, akawekewa kitanzi cha shaba. Siku hiyo mume wake ndiye aliyeuliza juu ya mtoto, kwa sauti ndogo, akitazama chini. Munganga aliweka kalamu mezani, akamjibu kwa karibu nusu saa.