Daftari Lisilosahau Mto wala Mti



Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwanafunzi wa biashara hapa Lubumbashi amefundishwa maana ya methali hii siku ile ya kwanza alipochora mstari katikati ya ukurasa: upande huu yaliyoingia, upande ule yaliyotoka. Ni mafundisho mema. Mtu asiyeandika hajui kama anasonga mbele au anarudi nyuma.

Lakini juma hili twataka kuuliza swali moja. Je, daftari letu laandika yote? Mti tulioukata, mto tuliouchafua, moshi ulioshuka juu ya bustani ya jirani, hayo yameandikwa upande gani? Mara nyingi hayakuandikwa popote. Na jambo lisiloandikwa, mwenye biashara hudhani halina gharama. Gharama ipo, ila italipwa na mtu mwingine, au italipwa naye mwenyewe siku nyingine.

Tuanze na kazi ndogo ambayo wengi wetu twaiona kando ya mji, yaani kazi ya matofali. Mtu hununua kichuguu kikubwa, huchimba udongo wake, hufyatua matofali, huyakausha juani, huyapanga yawe tanuru, kisha huyachoma kwa kuni. Tuseme ameuza tanuru zima kwa franka 1,000,000. Amewalipa wafyatuaji 300,000, gari 200,000, na kuni 100,000. Faida yake ni 400,000. (Hesabu hizi ni za mfano tu, ili tufahamiane.) Anafurahi, anawanunulia watoto sare za shule, na hakuna wa kumlaumu.

Mwaka wa pili miti ya karibu imekwisha. Kuni zatoka mbali, nazo ni franka 250,000. Faida imeshuka kuwa 250,000. Mwaka wa tatu kuni ni 400,000, na faida ni 100,000 tu. Bei ya matofali haikubadilika, wala wafyatuaji hawakuongezewa mshahara. Nini basi kimemla? Kimemla kile asichokiandika mwaka wa kwanza. Zile franka 400,000 hazikuwa faida tupu: ndani yake mlikuwa na deni la msitu. Tena vichuguu vilivyokwisha havirudi upesi, na udongo wake ni wenye rutuba, hata wakulima wengine huueneza mashambani. Hilo nalo halikuandikwa.

Kama mtu huyu angalifundishwa vema, angalitenga sehemu ya mapato ya mwaka wa kwanza ili kupanda miti, au kumlipa mwenye shamba aache visiki vichipuke. Maana miti mingi ya msitu wetu wa miombo ina neema hii: ikikatwa, kisiki hutoa machipukizi, mradi tusikichome moto wala kukilima. Mtu huyu hakukosa moyo mwema. Alikosa mstari mmoja katika daftari.

Sasa tutoke kwenye tanuru dogo, twende kwenye lile kubwa lililouzaa mji wetu. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville. Na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza. Mwaka 1967 mali za kampuni zilichukuliwa na serikali, na baadaye tukalizoea jina la Gécamines. Tanuru liliendelea kuwaka hata mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jamaa ngapi zimelishwa, zimesomeshwa na kutibiwa kwa kazi ile! Asiyekiri hayo amesahau fadhila.

Hata hivyo, kwa miaka themanini hivi moshi ulisukumwa na upepo kuelekea kaskazini-magharibi. Salfa ya moshi ikaufanya udongo kuwa mkali. Vumbi likaleta shaba, zinki, risasi, kadimi na aseniki. Miti ikafa, majani yakafa, na mahali palipokuwa msitu pakabaki udongo mtupu unaopeperuka kiangazi na kusombwa na mvua masika. Wenyeji wa Penga Penga hawahitaji kuelezwa jambo hili.

Karibu na bomba la tanuru kilikua kilima cheusi cha taka za kuyeyushia, ambacho kila mgeni hukiona kabla ya kuona kitu kingine. Kilima hicho kina fundisho la ajabu. Kwa miaka mingi kilihesabiwa kuwa takataka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiwanda kipya kilianza kukiyeyusha tena ili kupata kobalti, shaba na zinki zilizobaki ndani yake. Mwaka 2024 mali ya kilima hicho hicho ilianza kutoa gerimani, madini adimu yatumikayo katika nyuzi za kioo zinazopitisha habari. Basi tazameni makosa mawili ya daftari la zamani: kile lilichokiita takataka kilikuwa akiba, na kile ambacho halikukiandika kabisa, yaani moshi, kilikuwa deni.

Deni hilo ladaiwa mpaka leo. Watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, wamejaribu kuuvika tena nguo udongo ule mtupu. Walichagua nyasi za hapa hapa Katanga zilizozoea ardhi yenye shaba, hasa moja fupi iitwayo Microchloa kunthii, wakatia chokaa na mboji ili zipate kushika. Ni kazi ya subira na ya miaka. Nayo haiondoi shaba iliyo ardhini. Huizuia tu isipeperuke wala kusombwa mitoni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu twaujenga unyasi kwa unyasi.

Miili yetu nayo inaandikwa. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa chuo kikuu chetu, pamoja na waganga wa Leuven, walitangaza mwaka 2009 kwamba watu wakaao karibu na migodi na viwanda vya madini Katanga wana kobalti nyingi zaidi katika mkojo kuliko wakaao mbali. Mwaka 2020 uchunguzi mwingine, uliofanywa hapa Lubumbashi, ulionyesha kwamba hatari ya mtoto kuzaliwa na kilema huongezeka ikiwa baba yake afanya kazi ya madini. Hapo twafahamu methali isemayo: Mchuma janga hula na wa kwao. Mshahara waingia nyumbani, na vumbi laingia pamoja nao katika nguo na viatu.

Ardhi haisahau. Liko ua moja la Katanga, Haumaniastrum katangense, lipendalo udongo wenye shaba. Wataalamu wameliona likiota mahali ambapo mababu zetu waliyeyusha shaba karne nyingi zilizopita. Matanuru yao yalikuwa madogo, yamebomoka, na watu wamesahau. Lakini ua lingali laonyesha mahali. Ardhi ina daftari lake, wala hakuna karani awezaye kulifuta.

Mtu atasema: Maneno haya ni ya wataalamu, mfanya biashara yamhusu nini? Yamhusu sana, maana siku hizi gharama hizi zimeanza kuingia daftarini kwa nguvu ya sheria. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, yamtaka mwenye mgodi achunguze madhara kabla ya kuanza, aonyeshe jinsi atakavyoyapunguza, na aweke dhamana ya fedha ya kutengeneza ardhi kazi itakapokwisha. Tangu mwaka 2018 apaswa pia kutenga angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa mahali. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 yadai uchunguzi wa madhara kwa miradi mingine pia, ikiwa yaweza kudhuru nchi.

Asiyejali sheria hujifunza kwa hasara. Mwanzoni mwa Novemba 2025 maji machafu ya kiwanda kimoja cha madini yalitoka katika hifadhi yake, yakafurika mitaani hapa Lubumbashi. Waziri wa madini akasimamisha kazi za kiwanda hicho kwa miezi mitatu. Miezi mitatu bila kuuza! Mkurugenzi yeyote aliyefaulu darasa la hesabu na akadirie mwenyewe: ukuta imara ungaligharimu kiasi gani, na kusimama kumegharimu kiasi gani? Tena hatujaweka upande wa pili maji ya visima wala bustani za akina mama.

Wanunuzi pia wamebadilika. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria ya betri, ambayo kwayo makampuni makubwa yatapaswa kuchunguza kobalti yao imetoka wapi na imechimbwa kwa namna gani. Karani wa Lubumbashi asiyeweza kujibu maswali hayo atapoteza mnunuzi, hata kama shehena yake ni safi.

Basi, ndugu zangu waalimu, haya yafundishwe wapi? Mwaka 2007, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, vyuo vya uongozi wa biashara vilipewa kanuni za kuwafundisha vijana biashara pamoja na wajibu wao kwa watu na kwa viumbe. Kanuni ni njema, lakini zisiishie ukutani. Mahali pengine mazingira hufanywa somo la pekee la mwisho wa mwaka; mwanafunzi hulikariri, hufanya mtihani, hulisahau. Mahali pake hasa ni ndani ya masomo yenyewe. Katika hesabu, deni la ardhi lihesabiwe pamoja na madeni mengine. Katika somo la ununuzi, iulizwe kuni na maji vimetoka wapi. Katika somo la mipango, aulizwe mwanafunzi: Je, kazi hii yaweza kudumu miaka ishirini, au itakula chakula chake cha kesho? Na tunao utajiri karibu: chuo kikuu kimoja chafundisha uchumi na kilimo. Kijana wa uchumi na aende siku moja pamoja na mwenzake wa kilimo, wakapime udongo, kisha waandike bei yake.

Twajua kuna neno moja zito litakalosemwa dhidi yetu. Mama auzaye makala katika Katuba au Kenya atasema: Padri, mwalimu, na wewe mwandishi, mnaniambia habari za msitu, nami watoto wangu wangojea bukari jioni hii. Mama huyo ana haki. Mwenye umeme unaokatika apike kwa nini, ikiwa si kwa makala? Hatumwekei yeye mzigo wa kwanza. Mzigo wa kwanza ni wao walio na madaftari makubwa, wenye akiba, wahandisi na mawakili, ambao wangeweza kuhesabu na hawakutaka. Lakini mdogo naye ana sehemu yake, na sehemu hiyo ni faida yake mwenyewe: mbaula iliyojengwa vizuri hula makala machache, na mchoma makala atumiaye kuni zilizokauka hupata magunia zaidi kwa miti ile ile. Huko nako ni kuongoza biashara, ingawa hakuna cheti.

Ninyi wanafunzi, tunawapa kazi ya juma hili. Chagueni biashara moja mnayoifahamu: ya baba, ya shangazi, ya jirani. Chukueni karatasi, mchore mstari kama mlivyofundishwa. Andikeni yaliyoingia na yaliyotoka. Halafu chini yake mwandike maswali manne. Kwanza: imetumia nini kisicholipiwa, maji, mti au udongo? Pili: imeacha taka gani, na ziko wapi sasa? Tatu: ni nani anayezivumilia? Nne: ingegharimu kiasi gani kuzizuia? Muulizeni mwenye biashara kwa adabu, wala msimhukumu. Wengi watastaajabu, maana hawajapata kuulizwa.

Nanyi wazazi, mnapojinyima ili kijana asome uongozi wa biashara, mwulizeni atakaporudi nyumbani likizo amefundishwa kuhesabu nini. Siku moja ataketi mezani, na mbele yake italetwa karatasi ya kutiwa sahihi: bwawa la maji machafu lijengwe kwa ukuta mzito au kwa ukuta mwepesi? Tofauti ya bei itaandikwa kwa tarakimu kubwa. Watu wakaao chini ya bwawa hawataandikwa. Ikiwa shuleni amezoea kuwaandika, mkono wake utasimama kabla ya sahihi, naye atauliza. Ikiwa hakuzoea, atatia sahihi na kwenda kula.

Na huenda wakaao chini ya bwawa ni ninyi.