Khofu ya Watu na Kazi ya Karani

Ndugu wanachama, twaona yafaa kukumbusha jambo ambalo wengi wamekwisha kulisahau, nalo ni namna khofu ya watu ilivyogeuka katika miaka ya korona. Ugonjwa ulikuwa mmoja, lakini khofu hazikuwa moja.

Tarehe 16 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza, aliyeonekana Arusha, na kesho yake shule zikaamriwa kufungwa. Wakati huo watu waliogopa ugonjwa wenyewe. Ndoo za maji na sabuni ziliwekwa milangoni, na wengi wakaacha kupeana mikono.

Hazikupita wiki nyingi, khofu ikahama. Mwenye kula kwa jasho la siku aliuliza atakula nini akikaa nyumbani. Tena Kenya ilipoufunga mpaka kwa abiria, tarehe 16 Mei 2020, ikaruhusu malori ya mizigo tu, mtu wa huku Mkinga mwenye jamaa ng'ambo ya Horohoro alikuwa na sababu ya kuuogopa mpaka kuliko homa.

Ya tatu ni khofu ya ukimya. Tangu Mei 2020 hesabu ya wagonjwa haikutangazwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na mwezi Juni Rais Magufuli alisema nchi imeponywa kwa rehema ya Mungu. Wengi walifarijika, na shule zikafunguliwa. Walakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Penye kukosa hesabu, kila mazishi huwa hesabu. Watu walinong'ona juu ya shida ya kupumua, wakajifukiza, wakanywa tangawizi na malimau, wala hawakujua la kuamini.

Basi chanjo ilipofika Julai 2021, na Rais Samia akachanjwa hadharani tarehe 28, khofu ilihamia kwenye sindano. Wako waliosema ya kwamba watu hao ni wajinga. Sisi hatukubali. Mtu aliyeambiwa jana kuwa hapana ugonjwa, leo akaambiwa aje achanjwe, ana haki ya kuuliza. Aliyekosa jibu kwa mwenye kujua, hulichukua kwa mwenye kelele.

Hapa ndipo ilipo kazi yetu. Mkulima wa Maramba hakutani na Waziri. Hukutana na karani wa kata, au wa zahanati, au wa shule. Kwake yeye, uso wa karani ndio uso wa Serikali. Kwa hiyo yatupasa mambo manne. Tusome tangazo kama lilivyo, tusiongeze wala kupunguza. Tusimcheke mwenye kuuliza. Tusilolijua tuseme hatulijui, kisha tuulize. Na maswali ya watu tuyaandike, tuyapeleke juu, kwa maana khofu ya leo ndiyo itakayoamua kama tangazo la kesho litasikizwa.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yamepita. Maradhi ya Marburg yalizuka Kagera Machi 2023, yakarudi mkoani humo Januari 2025. Kagera ni mbali na Tanga, lakini korona nayo ilitoka mbali. Siku maradhi mengine yatakapobisha hodi huku kwetu, dawa yaweza kuchelewa njiani. Neno la kweli halina sababu ya kuchelewa, maana mwenye kulisema yuko hapa, mezani pake.