Staa Kaziba Kelele za Ndinga Yake, Mnamcheka Nini?

Stori ya mjini wiki hii ni yule staa wa Bongo Fleva mwenye Toyota 86 nyeupe. Kaipeleka gereji, viti na kapeti vikang'olewa, yakabandikwa mashiti ya kuzuia kelele kuanzia miguuni mpaka kwenye buti. Basi mitandaoni moto ukawaka: "Si anunue Crown tu!" "Kaua ndinga, sasa gari la mzee!"

Tulieni wadau. Kelele pale ziko mbili, na watu wanazichanganya. Kuna mlio wa injini, huo ndio utamu wenyewe. Toyota walipoitoa 86 mwaka 2012 waliiwekea kabisa mrija wa kuingiza mlio huo ndani kwa dereva. Halafu kuna muungurumo wa matairi kwenye lami na kokoto zinazogonga bati. Huo nani anaupenda? Ukishika spidi 80 Bagamoyo Road, story na uliyekaa naye inakuwa ya kupigiana kelele.

Na huyu jamaa anakula kwa masikio. Anatoka studio saa tisa usiku, anasikiliza ngoma mpya garini akirudi home. Muungurumo unafunika besi, anaongeza sauti, anaongeza tena. Masikio yakianza kupiga mluzi, spea zake Kariakoo hakuna.

Pa kumsema ni kwenye ufundi. Inasemekana hakuna bati lililoachwa wazi. Hapo kapigwa hela! Shiti ya mpira wa butili yenye foili ya alumini kazi yake ni kutuliza bati lisitetemeke, na ukibandika kama robo ya bati, pale katikati, inatosha. Zaidi ya hapo ni uzito tu, kwenye gari lililotengenezwa liwe jepesi. Afadhali hata hivyo hakubandikiwa ile ya lami ya kuzibia paa za nyumba, maana kwa jua la Dar ingenuka mpaka aliache gari. Akague na milango: matundu ya chini ya kutolea maji yakizibwa, kutu haijui staa.

Halafu matairi! Tairi la mtumba lililolika upande mmoja linavuma kama feni mbovu, na angeanza na hayo kabla ya mashiti.

Ila watu wake wa karibu wanasema juzi mama yake kapanda hiyo 86 mpaka Tanga, na safari hii hakuomba kushushwa Chalinze. Haya, wanaocheka endeleeni hapo chini.