Muziki wa kazi uundwe na mafundi wetu

Sabufa nyingi zinazouzwa madukani Mwanza zina namba mbili. Ya kwanza imechapwa kwa herufi kubwa mbele ya boksi la karatasi: wati elfu kadhaa za PMPO, yaani nguvu ya kilele inayodaiwa. Ya pili iko nyuma ya chombo chenyewe, pale waya wa umeme unapoingia, nayo mara nyingi ni wati makumi tu. Namba hiyo ndogo ndiyo ya kuaminika. Umeme wetu ni wa volti 230, kwa hiyo fyuzi ya ampea 1 imekusudiwa kubeba wati 230 hivi kwa muda mrefu, wala si maelfu. Ukifungua ndani ukakuta transfoma ya volti 12 na ampea 3, una wati 36, na bado amplifaya haijapoteza sehemu yake kwa joto. Hakuna ufundi wowote unaozigeuza wati hizo kuwa elfu tano. Naanza na hesabu hizi kwa sababu wengi wanaodharau spika za kuunda hushikilia kwamba cha kiwandani kimepimwa na cha fundi kimekisiwa. Kumbe namba ya kiwandani nayo, ile ya kuvutia wateja, haipimi kitu.

Msimamo wangu ni huu: mtu anayeutumia muziki, yaani spika na amplifaya, kwa kazi hapa Kirumba, Mwanza, awe anaukodisha kwa harusi, anautumia kanisani au ameufunga kwenye gari la matangazo linalozunguka hadi soko la Mwaloni, afadhali auundishe kwa fundi kuliko kununua sabufa iliyokamilika. Simwambii hivyo kwa sababu ya urahisi wa bei. Sababu ni kinachotokea chombo kinapoharibika, na kitaharibika tu. Umeme hupanda na kushuka, sherehe hukesha, na unyevu wa ziwa huvimbisha mbao za unga zilizotumika kwenye sabufa nyingi za bei nafuu mpaka kona zinaachia. Chombo hicho kikiungua, mara nyingi sakiti yote iko kwenye bodi moja isiyo na mchoro, na mwenye nacho huambiwa anunue kingine. Boksi la plaiwudi lililokazwa kwa skrubu, lenye amplifaya ya transista zinazojulikana kwa namba, hufunguliwa, kilichoungua kikatolewa na kazi ikaendelea jioni hiyohiyo. Kwa anayekodisha muziki kwa harusi ya Jumamosi, hilo ndilo linaloamua kama atabaki na wateja wake au atawapoteza.

Faida ya kuunda haiishii kwenye matengenezo; wenzetu wa Kongo wameionyesha hata kwenye sauti. Kundi la Konono No. 1 la Kinshasa, lililoanzishwa na Mawangu Mingiedi, lilitaka likembe, ala inayopigwa kwa vidole gumba, isikike katikati ya kelele za jiji. Walichonga maikrofoni kwa mbao, wakatumia sumaku za vipuri vya magari chakavu, wakajiundia na vipaza sauti. Albamu yao ya mwaka 2004, Congotronics, iliwafikisha kwenye majukwaa ya Ulaya, na mkwaruzo wa vyombo vile ukawa sehemu ya sauti waliyopendewa. Sisemi kila fundi wa Kirumba aanze kuchonga maikrofoni. Nasema waliojiundia walipata sauti ambayo duka lisingewauzia.

Wapo watakaosema kuunda ni ghali, na kwa spika ndogo ya sebuleni wana haki kabisa. Kiwanda hununua koni na koili kwa maelfu. Fundi hununua moja moja, na hawezi kushindana. Atakayetaka kusikiliza taarifa ya habari na anunue. Pingamizi la hatari ni zito zaidi: volti 230 huua, na chasisi ya bati isiyo na waya wa ardhi ni mtego. Pia soko limejaa transista bandia zenye namba za 2SC5200 na 2SA1943, ambazo hufa mara tu mzigo unapoongezeka. Lakini hatari hizo zinatokana na kazi isiyokaguliwa, wala haziondoki kwa sababu chombo kimetoka dukani. Dawa yake ni mafunzo na ukaguzi.

Na hapo ndipo mafundi wetu nao wanapodaiwa. Mabingwa wengi wa besi hukata boksi kwa jicho, ilhali tangu mwaka 1961 mhandisi wa Australia, Neville Thiele, alishaonyesha namna ya kukokotoa ujazo wa boksi na urefu wa bomba lake la hewa kulingana na spika yenyewe, na Richard Small akaiendeleza kazi hiyo miaka ya 1970. Leo hesabu hizo hufanywa na programu za bure. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ikifundisha jambo hili kwa vitendo, fundi wa Kirumba atakuwa na kipimo cha kumwonyesha mteja. Mteja naye, anapolipa, adai karatasi moja: mchoro wa sakiti, ujazo wa boksi na namba za transista, ili fundi mwingine atakayelifungua asianze kwa kubahatisha.