Santuri za Mume Si Mke Mwenza



Bibi harusi mmoja aliyeolewa Busisi, upande wa Sengerema, ameniuliza jambo ambalo naona wengi linawahusu. Mumewe anaswali, anafanya kazi, nyumba haikosi chakula. Lakini chumba alichotaka kiwe cha wageni kimejaa santuri. Nyingi ni za rege, na kinachomshangaza ni kwamba kuna nyimbo mume anazo mara mbili: moja kaimba Mzungu kwa magitaa ya roki, ya pili ni ileile kwa mdundo wa rege. Mawifi wanamshauri mume akisafiri, yeye aite mnunuzi wa vyuma chakavu na vikorokoro azizoe zote. Wanamwambia ameolewa na mtu mwenye mke tayari.

Mimi nasema asithubutu.

Tuanze na huo wimbo mmoja mara mbili, maana hapo ndipo wengi tunapoona ni upuuzi. Mwaka 1961 Elvis Presley aliimba "Can't Help Falling in Love", wimbo ambao mpaka leo unapigwa kwenye kumbi za harusi. Lahani yake ilitokana na wimbo wa Kifaransa wa karne ya 18. Mwaka 1993 UB40, kundi la rege la Birmingham, Uingereza, wakauimba upya kwa mdundo wao, ukashika namba moja Uingereza na Marekani. Wengi wetu tunaufahamu kwa sauti yao kuliko ya Elvis. Mwenye santuri zote mbili anaweza kukuonyesha maneno yaleyale yalivyobadilika baada ya kupewa mdundo wa rege na besi. Hiyo ndiyo furaha ya mkusanyaji: anafuata safari ya wimbo kutoka mkono hadi mkono.

Na sisi watu wa visiwani tusijifanye wageni wa jambo hili. Taarabu yetu imechota lahani za Misri, na baadaye za filamu za Kihindi, ikazivisha maneno ya Kiswahili, na bibi zetu wakazipenda kama zao. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, santuri zake zilienea pwani nzima. Zilikuwa zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja kama dakika tatu tu, na zikianguka huvunjika kama sahani. Tukiweza leo kusikia sauti ya mwanamke yule wa Fumba, ni kwa sababu kuna nyumba ambazo hazikuzitupa. Huku bara pia, santuri nyingi za bendi zetu zilichapishwa Nairobi, na zikitupwa hakuna kiwanda kinachozichapa tena. Huwezi kujua kwenye chumba kile kuna nini mpaka ukae uangalie.

Sasa tuje kwenye dini, kwa sababu mawifi nao wameitaja. Masheikh wamehitilafiana kuhusu ala za muziki, na mimi si wa kutoa fatwa hapa. Kama wewe unafuata kauli ya kukataza, hilo ni la kuzungumza na mume wako, na ikibidi mbele ya sheikh mnayemwamini, na bora liwe kabla ya nikaha. Lakini kuuza mali ya mtu bila idhini yake hakuna hitilafu. Hakujuzu. Mahari yako hakuna wa kuyagusa, si mume wala mama mkwe. Basi na vyake ni vyake.

Maneno ya nyimbo nayo yanachaguliwa. UB40 haohao mwaka 1983 walivuma na "Red Red Wine", wimbo wa Neil Diamond wa mwaka 1967 unaohusu mtu anayetafuta faraja kwenye mvinyo. Mdundo wake mtamu, lakini una haki ya kusema huo usipigwe sebuleni kwako mbele ya watoto. Mwambie mumeo kwa upole, si mbele ya rafiki zake. Mume mwenye busara atasikia, maana hata yeye hapendi kila upande wa santuri.

Kuna pia suala la pesa, na hapo ndipo ningekuwa mkali. Israfu ni israfu, iwe ya santuri au ya vitenge na dhahabu zetu. Kaeni mpange: kodi, chakula, ada, akiba, kisha kinachobaki kila mmoja apate fungu lake asilohojiwa. Akilimaliza fungu lake kwa santuri, asikope. Nawe ukimaliza lako kwa udi na manukato, usikope.

Zamani mtu wa Busisi akitoka mjini Mwanza alisubiri kivuko pale Kigongo, saa nyingine foleni ikamla jioni nzima. Tangu Juni 2025 daraja limefunguliwa, karibu kilomita 3 juu ya ziwa, na mume anavuka kwa dakika chache. Jioni ile aliyokuwa akiipoteza kwenye foleni sasa iko nyumbani. Bibi harusi, itumie. Muulize ipi aliipata wapi, na kwa nini anazo mbili. Mwanamume anayeulizwa kitu anachokipenda hufunguka na mengine.

Na kwa kuwa chumba ni chenu wote, simamia utunzaji. Santuri zisimame wima kama vitabu, zisilazwe rundo, zile za chini zitapinda. Zikae mbali na dirisha la jua. Zifutwe kwa kitambaa laini kikavu kufuata mistari ya duara. Zile za mizunguko 78 zina sindano yake, zisipigwe kwa sindano ya nyingine. Mwombe atengeneze rafu ya ukuta mmoja, na kitanda cha wageni kitaenea.

Nanyi ambao hamjaolewa, katika kuulizia tabia na dini ya mchumba, ulizieni pia anapenda nini akiwa peke yake. Ni bora ukijue leo kuliko kukikuta chumbani kimefika dari.