Pikipiki ya marehemu baba sasa ina ulimi

KUNA wanaorithi mashamba na kuna wanaorithi ng'ombe. Mimi marehemu baba aliniachia pikipiki. Ni BSA ya mwaka 1968, silinda mbili, sisi 650, aliyouziwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akifungasha virago kurudi kwao Uingereza. Kiwanda kilichoiunda kule Birmingham kilifungwa miaka ya 1970, lakini pikipiki yenyewe ingali inanguruma.

Mama watoto haipendi hata kidogo. Husema inavuja oili kama mtoto asiyevaa nepi. Nami nilizoea kucheka tu, hadi usiku ule tulipotoka matangani Limuru, yeye akiwa amekaa nyuma yangu.

Ukungu ulikuwa umetanda. Ghafla nikaona taa ya mbele inageuka rangi, kutoka nyeupe hadi manjano, kisha ikawa kama kijinga cha moto kinachozimika. Kabla sijasema lolote, injini nayo ikakohoa mara mbili, kimya. Giza totoro! Nyuma yetu lori lilikuwa likiteremka kwa kasi. Tulirukia mtaroni na kuivuta pikipiki kwa mikono, lori likapita likipiga honi.

Hatukusemezana hadi nyumbani. Asubuhi, akinimiminia chai, mama watoto alinena: "Baba watoto, ama hiyo pikipiki ijifunze kusema kabla haijafa, ama uiuze."

Ukweli ni kwamba hiyo ilikuwa betri ya pili kufa katika muda wa mwaka mmoja. Nilikuwa nimeshamfokea mwenye duka kwamba ananiuzia takataka.

Nilimwendea mzee mmoja fundi, Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wakongwe wa Nairobi bado huiita Grogan. Nilimwonyesha amita iliyo kwenye taa kubwa, ambayo mshale wake hucheza lelemama injini inapotetema.

"Kijana wangu," akasema, "hiyo amita ni kama bawabu wa ukumbi. Anakueleza watu wanaingia au wanatoka. Hakuelezi waliobaki ndani ni wangapi. Wewe tafuta kitu cha kupima volti."

Basi nikaenda Luthuli Avenue, mtaa wa redio na vipuri vya umeme. Huko nilipata kitaa kidogo cha LED chenye rangi tatu, ukubwa wa punje ya hindi. Bei yake haikufika kilo mbili za nyama.

Wanafunzi mnaosoma fizikia, hapa ndipo penu. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba kikijaa hutoa volti 2.1 hivi. Zidisha, utapata 12.6. Ikipumzika na kupimwa 12.2, imebaki nusu hivi. Ikishuka chini ya 12, imekwisha, na ikiachwa hivyo kwa muda mrefu vibati vyake vya risasi huota ugumu usiotoka. Injini inapozunguka na kuchaji vizuri, kipimo hupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Kikipita 15, betri inapikwa na maji yake yatakauka.

Kitaa changu husoma hayo yote kwa rangi. Kijani maana yake betri inapokea chakula. Manjano, inakula akiba. Nyekundu, akiba inakwisha. Kikimetameta, inalishwa kupita kiasi.

Jumamosi nikaanza kazi, mpwa wangu anayesoma sekondari akinishikia tochi. Waya mwekundu wa kitaa nikaufunga kwenye swichi, mweusi nikaufunga kwenye fremu, kama ilivyo katika pikipiki zote za bodaboda mtaani. Nikawasha swichi. Hola!

"Mjomba," kijana akaniuliza, "kwa nini betri hii upande wa chanya ndio umefungwa kwenye fremu?"

Nilitazama. Kumbe! Waingereza wa zamani walifunga chanya kwenye fremu, kinyume cha pikipiki za siku hizi. Nilikuwa nimekipindua kitaa miguu juu. Bahati yangu kilikuwa na kinga ndani, kwani kingine kingeungua papo hapo. Tulibadilisha: mwekundu kwenye fremu, mweusi kwenye swichi. Kikawaka.

Ukitaka kujaribu, zingatia mambo manne. Kwanza, chunguza ni upande gani wa betri uliofungwa kwenye fremu, usikisie. Pili, chukua umeme baada ya swichi, la sivyo kitaa chenyewe kitainyonya betri usiku kucha. Tatu, tia fyuzi ndogo kwenye waya usiofungwa kwenye fremu, karibu na mahali unapochukulia umeme, ili waya ukichubuka usiwashe moto chini ya tangi la petroli. Nne, sugua viungio vya waya na swichi hadi ving'ae. Kutu hula volti, na kitaa kitakudanganya kwamba betri ni mgonjwa kumbe waya ndio mgonjwa. Mwenye mita ya volti aipime betri yenyewe na kulinganisha.

Jioni niliitoa nje kuijaribu. Taa ya mbele ikiwa imezimwa, kitaa kilikuwa manjano. Nikaiwasha taa, nikavuta mafuta nikitarajia kijani. Kikageuka chekundu! Niliudhika, nikadhani nimeuziwa kitaa kibovu. Hapo nikakumbuka jinsi nilivyomfokea yule mwenye duka la betri, nikajizuia.

Tulimulika tochi chini ya kiti. Umeme wa altaneta hupitia kidude kiitwacho rektifaya, kinachougeuza uweze kuingia betrini. Rektifaya hiyo hushika fremu kwa bolti moja tu, na bolti hiyo ndiyo njia ya umeme. Tulikuta imelegea, na kutu imejaa chini yake. Kumbe miaka yote hiyo betri ilikuwa ikitoa bila kupewa, kama mzazi aliyesahauliwa na wanawe mjini.

Tulizima swichi, tukafungua waya wa betri, tukapiga msasa hadi chuma kikang'aa, na kuikaza bolti huku nimeishikilia rektifaya isizunguke na kuvunjika ndani. Nikapiga kiki. Taa ikawashwa, mafuta yakavutwa, na kile kitaa kikatoka manjano kikawa kijani kibichi kama majani ya chai ya Limuru. Mpwa wangu alipiga vigelegele hadi majirani wakachungulia.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kitaa hakitengenezi chochote. Nikisimama kwenye foleni taa ikiwaka, hugeuka manjano, nami sihangaiki, kwa sababu injini ikiongeza kasi kitarudi kijani. Lakini siku kitakapobaki chekundu huku ninaenda mwendo mzuri, nitajua nina muda wa kuzima taa zisizo za lazima kukiwa bado mchana, au wa kutafuta kituo cha petroli chenye mwangaza kabla giza halijanikuta barabarani.

Jumatatu nilipitia kwa yule mwenye duka la betri. Nilimweleza kosa lilikuwa langu, nikamwomba radhi mbele ya wateja wake, kwa kuwa nilimfokea mbele ya wateja. Alicheka, akaniuzia chupa ya maji ya betri.

Mama watoto hajasema neno. Ila Jumapili iliyopita, kabla hajapanda nyuma, aliinama juu ya bega langu akauliza, "Ni kijani?"

Nikamjibu ni kijani. Akapanda.