Anga Hili Nalo Ni Letu

Nikijitambulisha kuwa mwanafunzi wa elimu ya falaki, baadhi ya watu huniomba niwapigie ramli. Wengine hunionya: soma nyota zako, siasa uwaachie wenyewe. Ushauri huo siuafiki hata kidogo.

Tarehe 12 Desemba, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa na wataalamu wa Italia kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina la Uhuru kwa heshima yetu. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutumwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani, na iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo. Kiongozi wa utafiti huo, Riccardo Giacconi, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Sisi tulitoa bahari iliyo jirani na ikweta, tukatoa na jina. Maarifa yakavunwa kwingineko. Hata Taifa-1, setilaiti yetu wenyewe ya kuchunguza ardhi, ilirushwa mwaka 2023 kutoka California.

Je, haya hayahusiani na siasa? Bajeti ya utafiti hupitishwa Bungeni. Mwanafunzi asiye na maabara hakuandikiwa hivyo na nyota yake. Basi walimu, wafundisheni vijana kuzitambua sayari, na pia kuwauliza wabunge wao maswali. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.